Mukau Mwezi wa Nane

Entarara,
21 Februari 2000

Kwa Mama Caro,

Nakusalimu wewe na Caro, wajina wangu. Sisi tuko. Mahindi yalikauka kabla ya kubeba na ng'ombe anatoa maziwa ya chai tu, lakini hatujalala njaa. Habari za kwetu zimeisha, sasa nisikilize.

Jana baada ya kanisa familia ilikaa kikao, kwa sababu mwaka umepita tangu tumzike Kitheka. Kitonga alisimama. Unamjua shemeji yako, akisimama hata kuku wananyamaza. Alisema ile ploti ya ndugu yake huko Kitengela iuzwe, na mnunuzi tayari yuko.

"Mama, huyo ni msichana wa Nyeri," akasema. "Bwana amekufa, na yeye anakaa Ngong kwa nyumba ya kupanga. Leo kesho ataolewa kwingine, na hiyo ploti iende na yeye hivyo tu."

Nilimaliza chai yangu kwanza. Halafu nikawaambia kwamba katika ukoo wetu kuna sheria: mahali mwanamume amepanda mikau, na mke wake anaitunza, hapo hapauzwi maadamu miti hiyo iko hai. Wazee waliangaliana, kisha wakaitikia mmoja mmoja.

Kwa hivyo hama Ngong. Nenda ukae Kitengela hata kama ni kwa chumba cha mabati. Hati bado ina jina la Kitheka, na chifu hawezi kuandika barua ya kuibadilisha bila mimi kukubali. Mikau ikiishi, nitasimama upande wako. Ikifa, sitakuwa na neno mbele ya Kitonga.

Hiyo miti ilitoka hapa kwangu. Mbegu ya mukau iko ndani ya kokwa ngumu, ukiipanda vile tu utangoja mpaka uzeeke. Kitheka aliokota kokwa ambazo mbuzi wametema zizini, akazipasua moja moja kwa kisu, akajikata kidole, akapanda katika pakiti za maziwa. Ile aliyoipanda upande wa chini, kwenye udongo mweusi, ilikufa na mvua ya El Niño. Mukau hautaki miguu yake ikae majini. Iliyobaki ni tisa, upande wa juu penye changarawe.

Kazi yako si kubwa. Vichipukizi vikitoka ubavuni mwa shina, vitoe kwa kidole vikiwa vichanga, mti uende juu usitawanyike. Na uniandikie kila mwezi, uniambie miti iko namna gani na wajina wangu yuko namna gani. Barua mpe dereva wa lori la nyanya, anapita Kitengela kila wiki na ananijua.

Ni mimi mama mkwe wako,
Nthenya

—

Kitengela,
9 Aprili 2000

Mpendwa Mama,

Tumehama. Fundi alimaliza vyumba viwili vya mabati wiki iliyopita, na kwa sasa jiko liko nje. Caro ameingia darasa la tatu hapa, na tayari ana rafiki wa Kimasai aliyemfundisha kusalimia. Sasa kila mtu anayepita ni "sopa", hata mwenye mkokoteni wa maji. Anasema Susu wake, yaani wewe, ukija atakusalimia hivyo.

Miti nimeiona vizuri kwa mara ya kwanza. Nilipokuwa nikija na Kitheka Jumapili moja moja, yeye ndiye aliyekuwa akiizunguka, mimi nilikuwa nachemsha chai. Kumbe imepita nyumba kwa urefu! Shina ni la kijivu na limenyooka, majani ni madogo madogo kama ya mwarobaini. Nilipanda sukuma wiki chini yake nikidhani zitanyauka, lakini kivuli chake ni chepesi, jua linapenya, na sukuma zimekubali. Kwetu Nyeri tuna mubariti, na ule ukiangusha majani yake unaweka zulia. Huu wenu una adabu.

Vichipukizi ninatoa kwa kidole kama ulivyosema. Jirani yetu, Mzee Kisemei, hunisimamia akinitazama. Jana aliniuliza kama ninachuna mboga.

Bado natafuta kazi karibu. Nilimwachia Jacinta kibanda chetu cha kushona huko Ngong.

Mimi binti yako,
Nyakio

—

Entarara,
28 Mei 2000

Mama Caro,

Barua zako mbili nimepata, asante. Nimefurahi kwamba wajina wangu anajua kusalimia watu, kwa sababu upande wa kwenu salamu ni za kubania.

Mvua imekataa huku, nasikia hata huko. Mbuzi wa Kisemei wakija waache wale matunda yanayoanguka, lakini wasikwangue gome. Usiimwagilie maji, hata kama jua ni kali. Mukau umezaliwa katika ukame, unajua kujitafutia. Mengine hayana haja ya kufundishwa, mti wenyewe utakuonyesha.

Hujaniambia kama Caro bado anakohoa.

Nthenya

—

Kitengela,
6 Agosti 2000

Jacinta wangu,

Mwenye kukuletea barua hii ni fundi aliyenijengea, msomaji ni wewe peke yako. Usiisome kwa sauti mbele ya wateja kama ulivyozoea.

Nimeisha, Jacinta. Mikau ya Kitheka imekufa.

Ilianza mwezi wa saba. Majani yaligeuka manjano, nikajiambia ni machache tu. Halafu yakaanza kuanguka, kila nikirudi jioni yapo mengi zaidi chini. Sasa hakuna hata moja. Miti yote tisa imebaki fito tupu, na vitunda vikavu vinaning'inia juu. Unajua kwetu mti hauvui nguo hivyo. Mti ukikaa uchi Nyeri, watu wanauita kuni.

Nimejaribu kila kitu. Mama mkwe alinikataza kumwagilia, lakini nikasema huu si ukame wa kawaida, Wamasai wenyewe wanapeleka ng'ombe hadi katikati ya Nairobi kutafuta nyasi. Kwa hivyo maji ya kuoga nayamwaga pale, ya kufua pale, na maji yenyewe nanunua kwa mkokoteni. Caro aliniuliza kwa nini mti unaoga na yeye hajaoga. Hakuna kilichorudi.

Mzee Kisemei alikuja jana akazunguka, akagonga shina kwa rungu. "Mama Caro, hii imekwisha," akaniambia. "Nipatie mimi, nitengeneze boma. Nitakupatia mbuzi moja, badala iliwe bure na mchwa." Nilimwambia angoje Jumamosi.

Unakumbuka nilivyokueleza sheria yao. Miti ikifa, Kitonga anauza. Nitakwenda wapi na mtoto? Mwezi uliopita nilipata kazi ya kushona katika kiwanda huko Athi River, natoka asubuhi narudi jioni, na nilikuwa nimeanza kuona kama maisha yatakaa sawa. Sijamwandikia mama mkwe tangu Juni. Nimwambie nini? Kwamba mwanawe alipanda, na mimi nikaua?

Nisaidie mawazo.

Nyakio

—

Ngong,
10 Agosti 2000

Nyakio,

Wewe mwanamke, kwanza futa machozi. Sikusoma kwa sauti. Nilisoma kwa sauti kidogo tu.

Mama mkwe wako yuko Entarara, hayuko mbinguni. Hata apande Kilimanjaro hadi kwenye theluji hawezi kuona Kitengela. Mwandikie kwamba miti imenona. Usimwandikie kidogo, mwandikie sana, ili asipate wasiwasi wa kuja. Mvua ya mwezi wa kumi ikinyesha tutatafuta miche mingine, tutaipanda palepale, na mtu akiuliza mbona imefupika tutamwambia tumepunguza.

Na huyo Kisemei mwambie angoje. Mtu hakati miti ya marehemu haraka hivyo.

Cherehani yako bado inakwama uzi. Nadhani inakutafuta.

Jacinta

—

Kitengela,
20 Agosti 2000

Mpendwa Mama,

Nisamehe kwa kukaa kimya, ni shughuli tu. Sisi hatujambo. Caro alipona kikohozi na amekuwa namba nne darasani.

Mikau imestawi sana. Hata jua hili halijaitisha. Imejaa majani mabichi kabisa kutoka chini hadi juu, na kivuli chake sasa ni kizito, kinafika hadi jikoni. Jumapili tulikula chakula cha mchana chini yake na jua halikutugusa hata kidogo. Watu wanaopita barabarani wanasimama kuisifu. Kitheka angefurahi.

Usijisumbue kusafiri katika ukame huu, Mama. Huku kila kitu kiko sawa.

Binti yako,
Nyakio

—

Entarara,
3 Septemba 2000

Nyakio,

Kitonga alipita Kitengela siku ya Jumanne, alikuwa amebeba mahindi. Alikuta kufuli mlangoni. Aliuliza mtu barabarani akaambiwa mwenye nyumba haonekani mchana. Alirudi hapa akaniambia, "Mama, si nilisema? Alijenga mabati ya kutuonyesha, halafu akarudi Ngong kwa watu wake."

Nilimkatalia. Nilimgombeza mbele ya mke wake. Nilimwambia huyo ni mtoto wangu, aliahidi kukaa na anakaa, na habari za miti ananiandikia. Ndipo dereva wa lori akaleta barua yako.

Nimeisoma mara nyingi. Mwezi wa nane mukau hauna jani. Ukifika wakati wa kiangazi unavua majani yote, unakaa uchi, ndivyo unavyookoka. Hata mtoto mdogo wa hapa anajua. Kitonga mwenyewe aliiona juzi imevua kama inavyotakiwa, na hakuona haja ya kunieleza. Na tangu nizaliwe sijaona mukau wenye kivuli kizito. Mtu anayelala hapo hawezi kuandika ulivyoandika. Wewe hujaiona miti hiyo tangu mwezi wa tano au wa sita.

Kama ulitaka kurudi kwenu ungeniambia. Wewe si mfungwa. Kinachoniuma ni kwamba ulinipikia uongo na kuniwekea chumvi.

Sitabishana na Kitonga tena. Jumamosi tarehe ishirini na tatu atampeleka mnunuzi, na mimi nitakuja kwa sababu lazima nikubali mbele yake. Ikiwa utaona vyema kuwepo, uwepo.

Wajina wangu ukimpeleka Nyeri, niambie ni shule gani. Hilo tu naomba.

Nthenya

—

Kitengela,
10 Septemba 2000

Mama,

Nilidanganya kuhusu miti. Kuhusu nyumba sikudanganya. Nalala hapa kila siku, na Caro yuko hapa nyuma yangu akifanya hesabu za shule. Kufuli aliyoiona Kitonga ni yangu, niliifunga nikienda kazini. Tangu Julai nashona katika kiwanda huko Athi River. Sikukwambia kwa sababu ningekwambia hilo ningelazimika kukwambia na la miti, na la miti niliogopa.

Mama, mimi nilidhani imekufa. Hukuniambia kwamba mti huu huvua majani. Uliniambia habari ya kokwa na mbuzi na vichipukizi, halafu ukasema mti wenyewe utanionyesha. Mti ukanionyesha maiti tisa zimesimama mlangoni kwangu. Nilizimwagilia maji niliyonunua, mimi na mtoto tukioga kwa kikombe. Nilimlilia Kitheka mara ya pili, na safari hii nilikuwa peke yangu. Kisemei alikuja na shoka mara mbili, nikampa chai badala ya mti, bila kujua kwa nini.

Barua yako ilipofika nilitoka nje hata viatu sijavaa. Nilikwaruza gome kwa ukucha. Ndani ni kijani, na kuna unyevu. Nilikwaruza yote tisa. Nilicheka mpaka Caro akaogopa, halafu nikasoma sehemu ya mwisho ya barua yako nikaacha kucheka.

Sasa nami nikuulize, na unisamehe kwa sababu wewe ni mama yangu na siku zote nimekuheshimu. Kama mikau ingekuwa imekufa kweli, kwa jua ambalo Mungu ndiye analiwasha, mimi na mtoto wa Kitheka tungefukuzwa? Mvua ikatae, halafu mjane ndiye alaumiwe? Hiyo ni sheria ya namna gani?

Njoo na Kitonga, njoo na mnunuzi wake. Mtatukuta.

Nyakio

—

Entarara,
25 Septemba 2000

Mwanangu,

Tulifika salama, ila Kitonga alilalamika tumbo njia nzima. Mtu akila githeri sahani tatu kwa mwanamke ambaye yeye alikuja kumfukuza, tumbo lazima limuulize.

Nataka kukueleza yale hukuyasikia, kwa sababu ulikuwa jikoni na sisi tulikuwa nje karibu na gari la mnunuzi. Barua yako niliipata Ijumaa jioni. Sikumwonyesha Kitonga. Nilitaka kwanza nione kwa macho.

Mnunuzi aliangalia miti akasema, "Hii imekauka, itakuwa rahisi kung'oa." Kitonga akacheka, kwa maana hata awe na roho ya kuuza, ni mtoto wa Kikamba. Nilimwambia mnunuzi, "Hata mwenye hapa alifikiri imekufa. Angalia chini." Aliangalia. Ardhi yote ya Kitengela imepasuka, lakini chini ya mikau udongo umeshikana na bado unanuka sabuni. Hapo nikamgeukia mwanangu. "Kitonga, wewe ungeweza kununua maji ukampa mti uliokufa, kwa sababu ndugu yako ndiye aliupanda?"

Aliinama akashika udongo, akaunusa. Baadaye akasema, "Basi Mama, yaishe." Mnunuzi akawasha gari lake. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwisha, na wewe ukatoka na sahani ukidhani bado tunabishana.

Leo asubuhi nimekwenda kwa chifu. Barua imeandikwa. Ploti itakuwa na jina lako, si la Kitonga wala langu. Kitonga aliweka sahihi, mkono mzito lakini aliweka.

Sasa lile swali lako. Nilitaka kulijibu Jumamosi, lakini Kitonga hakutoka karibu na sufuria.

Uliniuliza ni sheria ya namna gani. Hakuna sheria, mwanangu. Niliitunga siku ile ya kikao, nikimalizia chai yangu. Hakuna ukoo wa Kikamba unaojua jambo kama hilo. Wazee waliitikia kwa sababu hakuna hata mmoja aliyetaka kuonekana hajui sheria za kwao. Mzee Katoo, ambaye alioa kwetu tu na si wa ukoo, ndiye aliyesema aliisikia kwa babu yake.

Sikuwa naogopea ploti. Nilikuogopa wewe. Mke aliyefiwa ana ruhusa ya kwenda, na ukienda, mtoto mwenye jina langu naye anakwenda. Kitheka ndiye aliyekuwa daraja, na yeye hayupo. Wewe ni Mkikuyu, mimi ni Mkamba, tungeandikiana nini? Salamu za Krismasi miaka miwili, halafu basi. Nikasema nikimpa miti, atakuwa na kitu cha kunieleza kila mwezi, na akieleza habari za miti ataeleza na za mtoto. Barua yako ya uongo ilipofika, nilijua umekwenda, na bila wewe hapo ile ardhi ilikuwa mawe tu. Ndiyo sababu niliwaachia wauze. Ningewaachia na hili shamba la Entarara pia, nilikuwa na hasira hivyo.

Kwamba uliogopa sheria yangu mpaka ukanyima mtoto maji, hilo linaniuma na litaendelea kuniuma. Kitonga bado anaiamini. Mwache hivyo hivyo.

Mukau usikusumbue tena. Yale macho mekundu niliyokuonyesha kwenye ncha za matawi ni majani, yatatoka kabla ya mvua, usishangae, mti haungoji mawingu. Na pale nilipokata mzizi kwa panga na wajina wangu akalia kwamba naumiza mti, mpafunike kwa udongo kidogo. Penye kidonda hicho patachipuka mche mpya. Ukitoka, ni wa Caro.

Habari za miti huna lazima ya kuniandikia sasa. Hakuna mtu anayekuuliza, kila kitu ni chako. Lakini dereva wa lori la nyanya atapita Kitengela mwisho wa mwezi kama kawaida, na nimemwambia asimame aulize kama kuna barua.

Mama yako,
Nthenya